Siku Mama Alipocheka Mbele ya Kifaru

Baba,

Mama amecheka. Nimeona nianze na hilo, maana najua ndilo ungeniuliza kwanza.

Tangu tukuzike alikuwa hacheki. Eda iliisha, majirani wakaja kumtoa nje, akawapikia chai na kubaki ndani. Dukani hakukanyaga. Nyama nauza mimi sasa, na aproni yako naikunja mara mbili kiunoni ndipo initoshe. Wateja wa Kaaga bado wanafika wakisema, "Nikatie kama Mzee alivyokuwa akikata." Nageuka kwanza nijifute macho, halafu nakata.

Jumapili moja mwezi uliopita nilifunga bucha, nikamwambia Mama tunaenda mbuga ya Meru. Akakataa. Unamjua. Amelelewa Kiirua, wakifukuza ndovu kwa kupiga madebe wasimalize viazi, na kwake mnyama wa porini si wa kufuatwa huko aliko. Nikamwambia wewe ulitaka kumpeleka kila Idi, na kila Idi wateja wakajaa. Hapo aliinuka. Akaenda kuvaa buibui.

Aliyetupeleka ni Kendi, yule binti wa jirani anayeendesha magari ya watalii. Tulipopita Maua tukateremka hadi joto likatupiga usoni. Mama alikaa nyuma amefumba macho, tasbihi mkononi. Tulipita twiga, hakufumbua. Tulipita punda milia, akafumbua jicho moja, akasema wamenona, akalifumba tena. Baba, nilitamani turudi. Niliona nimemsumbua bure mtu aliyefiwa.

Halafu Kendi akazima gari, akanong'ona, "Mama, tazama kulia kwako. Polepole."

Kifaru jike alikuwa ametoka kichakani, mtoto wake nyuma. Yule mkubwa akasimama, akawa anatunusa. Mama alinishika mkono hadi kucha zikaniingia, nikamsikia akisoma Ayatul Kursi. Yule mdogo naye alikuwa amemwona ndege chini. Akamkimbilia kwa hasira, miguu mifupi, masikio yamesimama wima. Ndege akaruka. Kitoto cha watu kikabaki pale, kikageuka huku na huku, kisha kikamrudia mama yake kwa hatua nzito za mtu aliyeonewa.

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni baba yako, ile Ijumaa aliyoibiwa viatu msikitini."

Alicheka hadi mtandio ukamteleza. Kendi akacheka, nami nikacheka. Halafu Mama akalia, akalitaja jina lako. Baba, hakuwa amelitaja tangu siku ile. Tulimwacha alie. Vifaru wakaanza kula majani.

Baada ya hapo hakufumba macho tena. Akataka kujua kifaru hubeba mimba muda gani, na kama simba hula mchana, na kwa nini Kendi haogopi. Tulipowakuta ndovu wakinywa maji mtoni, aliwatazama kwa muda mrefu sana. Mwishowe akasema, "Kumbe wakiwa kwao wana adabu."

Jumatatu yake alitangulia dukani kabla yangu. Sasa anakaa pale kwenye kaunta akiwasimulia wateja, na kila akisimulia yule kifaru anazidi kunenepa. Watu wanasahau hata nyama walizonunua. Zipo siku bado anaamka mnyonge, hasemi neno hadi adhuhuri. Lakini anaamka, anavaa, anakuja. Na jana ameniuliza kama ni kweli kuna viboko kule mbuga ya Mwea, upande wa Embu. Kendi amesema wapo, na njia ni ya kupitia Gachoka. Nimeshamwambia tutaenda.

Kwaheri, Baba. Mungu akupanulie mahali ulipo, akutilie nuru. Mama usimhofie. Akitaka kulia nitakaa naye, na akitaka kwenda kuona dunia nitakwenda naye. Nakuahidi.

Binti yako,
Zainabu