Watoto wa Jabali

Jumatatu, 3 Machi
Uji wa dona na dagaa, banda kufagiwa, maji kubadilishwa. Nimechoka kabla ya chai. Watoto wa Tausi, mbwa wangu jike, wana miezi minne. Wanne wameshakuwa mbwa kamili, masikio yamesimama. Wa tano, yule jike, bado anaenea kwenye kikapu cha sokoni. Manyoya ni yaleyale ya kitoto. Anakula kuliko wenzake. Minyoo siyo, dawa nimempa. Jirani kasema nimuuze kama mbwa wa kuchezea. Hapa Olasiti kila mtu mtaalamu.

Jumatano, 5 Machi
Daktari wa mifugo kaja. Kampapasa, kamtazama meno, kauliza baba yake nani. Jabali, dume langu. Na mama yake, Tausi, katoka wapi? Nikaona aibu kabla sijajibu.

Tausi ni mjukuu wa Jabali. Nilimpa kaka Elia binti wa Jabali, Malkia, amtunze kule Tengeru kwa desturi yetu ya ng'ombe: jike akizaa, mtoto mmoja anarudi kwa mwenyewe. Tausi ndiye aliyerudi. Kwa kuwa katoka boma lingine, nikamhesabu damu ngeni. Nikampandisha kwa babu yake. Mjinga mimi.

Daktari kasema ni ubilikimo wa kurithi, hawa mbwa wa Kijerumani wanao. Mmoja anaubeba na haonekani kitu, wakikutana wawili wanaoubeba ndipo anazaliwa wa hivi. Jabali anaubeba. Tausi pia. Ndugu za huyu mdogo huenda nao wanaubeba, wasizalishwe. Dawa ya kumkuza hapa hakuna, na hataishi sana. Jabali ahasiwe.

Ijumaa, 7 Machi
Kaka kapiga simu. Jumamosi ijayo analeta Malkia kwa Jabali. Binti kwa baba. Watoto ameshawaahidi watu wa usharika. Kaka ndiye aliyenisomesha, sijawahi kumwambia hapana. Nikasema haya kaka. Nimejichukia siku nzima.

Jumamosi, 15 Machi
Kafika kabla ya mvua, Malkia kwenye kamba. Shikamoo, chai, habari za nyumbani. Kisha nikasema: Jabali hapandi tena. Kakasirika. Eti Jabali ana afya kuliko yeye mwenyewe, na mimi nimemsikiliza daktari wa juzi tu. Sikubishana. Nikamwekea mdogo mapajani.

Kampapasa manyoya mpaka chai ikapoa. Halafu kasema kwenye uzao aliotoka Tausi alikuwepo mmoja kama huyu. Alikufa, akamfukia nyuma ya migomba. Aliogopa nitasema hajui kutunza. Baba yao ni dume la jirani yake, nalo nililiuza mimi. Mtoto wa Jabali.

Kwa hiyo alijua. Akanirudishia Tausi, kimya. Nimekasirika. Ng'ombe wa mtu akifia kwako unampelekea mwenyewe ngozi, aone kweli amekufa. Lakini mbwa akifa, nani anampelekea mtu ngozi?

Kaondoka na Malkia wake. Hatukuagana vizuri.

Jumanne, 25 Machi
Jabali amehasiwa. Kaka kaja bila kuitwa, kamshika kichwa mpaka usingizi ukamkolea. Wateja walionunua watoto wa Jabali nimewapigia mmoja mmoja: msiwazalishe. Mmoja kanitukana. Wengine wataitikia tu, kisha watafanya wanavyotaka. Sina nguvu za kuwafuata.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua tangu ibada iishe. Mlima hauonekani. Mdogo anaanza kunyonyoka ubavuni, nimemkatia mkono wa sweta kuukuu la shule, unamtosha. Kalala ubavuni mwa Jabali.

Jioni kaka kapiga simu. Habari za Jabali hakuuliza. Kauliza kama mdogo amekula. Nikasema amekula. Kisha kasema nimpe jina, maana yule wake alimfukia bila jina.

Nimekaa jikoni nafikiria. Bado sijapata.