Mama, Masatu Ameitwa Kazini

Mama yangu,

Kaburi lako tumeliacha peke yake kule kwenye mahame. Mwaka uliofuata baada ya kukuzika tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, huku huku upande wa Bunda, nyumba zimepangwa mistari. Maji yako karibu, shule iko karibu, na majirani wako karibu mno. Ukipiga chafya, nyumba ya tatu wanakupa pole.

Nakuandikia habari za Masatu.

Unakumbuka mlivyokuwa mkiongozana naye asubuhi nyuma ya ng'ombe mpaka mtoni? Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu, ameshika upindo wa khanga yako. Watu walisema unamchosha bure mtu asiyeweza hata kuhesabu vidole vyake. Ukawajibu, "Akili ndiyo inayotembea polepole, miguu haijambo." Na msimu wa pamba ulipofika, wewe ulimwingiza kwenye gunia lililoning'inizwa kwenye boriti, ashindilie kwa miguu. Ukampigia makofi: "Ruka, fahali wangu!" Akaruka huku anacheka, pamba imemjaa mpaka kwenye nyusi, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Natamani siku moja tu ya zile, Mama.

Hapa kijijini, siku ya kwanza tu watoto walimfuata wakiiga mwendo wake. Nikamfungia uani. Kisha mwenyekiti, kwa huruma kabisa, akamwondoa kwenye shamba la pamoja: "Huyu tumemsamehe. Akaege tu, apumzike." Na mimi nikamshukuru! Nikamtandikia ngozi upenuni, ugali nikamletea hapo hapo. Niliona ndiyo kumtunza. Miaka miwili, Mama. Akanenepa, miguu ikavimba, akienda chooni tu anahema. Kila nilipobeba jembe alinyanyuka anifuate. Nikamwambia, "Kaa, kaka," naye akakaa.

Juma lililopita nilirudi kutoka shambani nikakuta ngozi tupu. Nilimtafuta kijiji kizima, roho mkononi, mpaka ghala la pamba. Nikaona kichwa chake kinapanda na kushuka kwenye mdomo wa gunia. Alikuwa ameingia mwenyewe! Nikapiga kelele ashuke, ataanguka. Mzee anayetunza ghala akanizuia: "Muache kwanza, dada. Hawa vijana wangu hawashindiliagi hivi."

Masatu akaniona. "Mama alisema niruke," akasema.

Nililia mbele ya watu, bila haya. Hakuruka sana, pumzi ilimwishia, ikabidi wamsaidie kutoka. Nguvu zake nimezimaliza mimi, Mama, kwa kumpenda vibaya. Nisamehe.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti kumwomba autengue ule msamaha. Alinitazama kama nimerukwa na akili, maana wenzangu huenda kwake kuomba wasamehewe. Nikang'ang'ana. Leo asubuhi jina la Masatu limesomwa pamoja na majina ya watu wazima wengine, kazi yake ghalani, nusu siku kwanza. Aliitika "Nipo!" kwa sauti iliyowanyamazisha waliokuwa wameanza kucheka, akaondoka na wenzake akichechemea. Nilitaka kumkimbilia nimshike mkono. Nikajizuia.

Pumzika, Mama. Kuacha kuogopa siwezi, na sikudanganyi. Ila nakuahidi hili moja: nitaogopa kimyakimya, na kaka atatoka.

Mwanao,
Nyamisi