Mikono Miwili ya Kushoto

Shoga, uko? Usipige simu, siwezi kuongea.

Unamkumbuka yule fundi mwenzake mama? Yule aliyekata gauni la bibi harusi likawa na mikono miwili ya kushoto, kisha akamwapia bosi kwamba ni kazi ya mama, mama akafukuzwa?

Leo kaja kwetu. Kwetu! Kabeba gauni la mteja wa kesho. Mikono miwili ya kushoto. Kosa lile lile!

"Dada, nisitiri. Bosi akiona nimekwisha."

Nikapiga picha fasta. Nikamnong'oneza mama, "Tumtumie bosi, ushahidi huu hapa."

Mama anasema hata hasira hakuisikia, mwili ulikufa ganzi tu. Akaligeuza gauni, akaligeuza tena.

"Kila siku namwomba Yesu anisamehe kama ninavyosamehe. Futa."

"Mama!"

"Futa, mwanangu."

Akamgeukia yule: "Kitambaa kilichobaki kiko wapi? Na ukikunje mara mbili kabla hujakata, utoke mkono wa kulia na wa kushoto, mama wee."

Yule analia. Mama halii, anafumua mishono.

Nimefuta, shoga. Sihisi kitu. Nimekaa hapa nawashikia pini, wote wawili.