Nyuma ya Ghala la Kahawa

Maun Abilio,

Wewe ndiwe uliyenifundisha nikuite hivyo: maun, yaani kaka, kwa lugha yenu ya Timor. Nimekaa kwenye chumba cha chai hapa kiwandani kwetu kwa kufulia mashuka, Park Royal, kabla ya shifti, na simu nimeiweka mezani mbele yangu. Hapa inakaribia saa moja asubuhi, kwenu ni jioni. Binti yako Zita na watu wa kijiji wanachimba tangu mchana nyuma ya ghala la kahawa. Wanamtafuta mdogo wako Julio. Waliyemsikiliza ni mimi, na jinsi nilivyopajua mahali hapo si njia safi. Nataka uisikie kwangu kabla simu haijalia.

Zimebaki siku nne utimize mwaka tangu ufe. Kitambaa cheusi bado nimekibana kifuani kwa pini, kama mila yenu inavyotaka mpaka mwaka utimie ndipo kiondolewe, kwa kuwa hapa London hukuwa na ndugu mwingine wa kukivaa. Supavaiza alisema nikitoe, ati kitavutwa na mashine. Nikamwambia kikivutwa nami nakwenda nacho. Akaniacha.

Lakini alinifanyia jingine. Unajua shuka la hoteli haliingii kwenye mashine ya pasi bila watu wawili, huyu ncha hii, yule ncha ile, mnavuta pamoja mkitazamana. Miaka sita ncha ya pili ilikuwa yako. Wiki uliyozikwa akamweka Tomas.

Ndiyo, Tomas. Siku ya kwanza alipoingia hapa uliachia shuka, mashine ikalimeza limekunjamana. Hukupiga kelele. Ulimwendea ukamwuliza kitu kimoja tu: Julio yuko wapi. Aligeuka akaenda zake, na hamkusemezana tena mpaka unakufa. Mimi ndiye uliyenieleza polepole, shuka kwa shuka, kwa Kiingereza chetu kile kibovu. Kwamba ghala lile Mreno alilijenga, babu zenu wakabeba mawe, kisha wakabeba kahawa. Vita vikubwa vikaja, Mjapani akalala humo. Mreno akarudi, halafu akaondoka, mkatangaza uhuru, na siku kumi hazikutimia jeshi la Indonesia likaingia. Ghala likawa jela kwa miaka ishirini na minne. Uliniita kwa jina ukasema, "Safari, wageni wote walilitumia. Lakini waliomuua Julio walikuwa watoto wetu wenyewe."

Ulimaanisha vijana waliopewa silaha na jeshi lile, mwaka mlioulizwa kwa kura kama mnataka kujitawala. Mlisema tunataka. Wakachoma kila kitu. Wewe ulikimbilia mlimani na mama yenu. Julio, miaka kumi na saba, alirudi kufungua mbuzi, akiwa amevaa mkanda wako mliogombania asubuhi ile, wenye bizimu ya shaba iliyokatika kona. Watu walimwona akichukuliwa, na Tomas alikuwa kati ya hao vijana. Tangu hapo hukuvaa mkanda. Ulikuwa unafunga suruali kwa kipande cha shuka, na kiwanda kizima kilikucheka. Hata mimi nilicheka, kabla sijajua.

Hospitali uliniambia Tomas asiguse jeneza lako. Nililinda neno hilo. Siku ya mazishi alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, mabasi yakija na kuondoka, yeye hapandi. Nilimkazia macho mpaka udongo ulipoisha.

Sasa mwaka mzima navuta naye mashuka. Mimi natoka Fizi, Kongo, kaka. Nawajua watu waliowahi kushika bunduki, namjua na mtu asiyelala. Huyu hanitazami usoni, ananitazama kifuani, kwenye kitambaa. Mwezi uliopita aliniuliza kama siku ya kuondoa weusi anaweza kuja, asimame hata mlangoni.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nilimwambia kwamba kabla hujafa ulisema hivi: atakayeonyesha alipo Julio, ndiye atakayekitoa kitambaa kwa mkono wake. Hukusema hivyo. Hukusema chochote cha namna hiyo. Nilisema uongo kwa jina lako, na wewe huwezi kunikanusha.

Tomas aliachia ncha yake. Mashine ikameza shuka vilevile kama siku ile. Akasema, "Nyuma ya ghala, upande wa tangi la maji. Mimi sikumpiga. Mimi nilichimba." Akaongeza, "Nilikuwa na miaka kumi na tisa," kama vile nilimwuliza.

Sijui kama ni kweli. Mlipopata uhuru mlilipaka ghala rangi mkalifanya shule, kwa hiyo leo watoto wamebaki nyumbani ili uwanja wao uchimbwe. Mama yako amewekewa kiti. Kama Tomas kanidanganya nilivyomdanganya, nimemkalisha bibi yule mbele ya shimo tupu, na jina lako nimelitumia bure.

Simu inalia.

Maun, nimerudi. Mwandiko umeharibika, usome hivyohivyo. Wamempata. Zita alilia kwanza, kisha akaniambia hakuwa hata chini sana. Kiunoni kulikuwa na bizimu ya shaba, kona moja imekatika. Mama yako ameishika na hampi mtu.

Kisha akaniuliza nani aliyewaonyesha. Ningeweza kudanganya tena. Nilimtaja Tomas, nikaeleza na uongo wangu, wote. Akasema, "Mwache aje akitoe. Ila asile na ninyi."

Basi ndivyo itakavyokuwa. Jumapili baada ya misa Tomas atachomoa pini, nami nitasimama nisirudi nyuma, halafu atakwenda zake. Ukikasirika, unikasirikie mimi. Jeneza lako hakuligusa, hilo nililitimiza.

Na kuna jambo moja nakuahidi. Uliniambia Julio hamkumvalia weusi miaka yote hii, kwa kuwa hamjaona mfupa wake. Sasa umeonekana. Tomas akishatoa kitambaa chako, Jumatatu nitabana kingine, cha Julio, mahali palepale. Mwaka mzima tutavuta mashuka pamoja, na atakuwa akimtazama.

Kengele imelia. Tomas amesimama mlangoni na glavu mkononi, hajajua bado. Nitamwambia tukishashika ncha.

Pumzika, kaka. Mdogo wako amepatikana.

Safari