Bwawa la Kubatizia Mama Mkwe

Jumamosi, jioni. Kitui kumetulia. Mawingu yamebaki upande wa vilima tu na udongo bado unanukia mvua. Mgongo unaniuma, macho yananiwasha kwa dawa ya maji, na nina furaha ya kijinga ambayo sijui niipeleke wapi. Basi nimeileta hapa.

Niandike yote leo, maana nikingoja nitajisamehe haraka.

Mimi ni fundi wa gesti ndogo nje kidogo ya mji. Taa, mabomba, jenereta, kila kinachonung'unika hapa ni changu. Mke wangu Mwende ndiye mpishi. Nyuma ya vyumba kuna bwawa la kuogelea ambalo wageni hulipiga picha zaidi ya kuliogelea. Mwenye gesti anaishi Nairobi na anapenda vitu vya kisasa, kwa hivyo aliweka mtambo usiotumia waya. Remote inakaa ofisini, na huku nyuma ya banda la pampu kuna kisanduku cha plastiki, kikubwa kama mkate, kimesimama juu ya kigingi kifupi. Remote inatuma mawimbi, kisanduku kinasikia, pampu inawaka, maji yanachujwa. Kisanduku kikinuna, siku mbili tu zinatosha kutuletea vyura.

Kanisa letu huazima bwawa hilo kwa ubatizo. Mito yetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na hata ukichimba ukapata maji, huwezi kumzamisha mtu mzima kwenye shimo la kuchotea.

Kesho anabatizwa mama mkwe wangu.

Ana miaka sabini na kitu, anatoka Nuu, na hii ni mara ya tatu kupangiwa. Mara ya kwanza maji ya kwao yalikauka wiki moja kabla ya siku yenyewe. Mara ya pili aliteguka mguu akifuata mbuzi. Safari hii alimwambia Mwende waziwazi: "Nitakuja. Lakini maji ikinikataa tena, nitajua ni Mungu amekataa, na mtu asiniongeleshe hiyo maneno tena." Mwende amemwombea mama yake tangu nimjue, na nimemjua miaka kumi na minne. Mimi husema amina na kulala. Yeye hubaki amepiga magoti.

Halafu Jumatano jioni ikaja mvua ya radi. Upepo uliangusha tawi la mwarubaini juu ya banda, kifuniko cha kisanduku kikapasuka, na radi ikapiga karibu sana hata vikombe vikalia kabatini. Umeme ulipokatika nilijua kesho yake nina kazi. Bwawa lilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Alhamisi nilifanya kazi nzuri, wacha nijisifu hapo tu. Nilibadilisha fyuzi iliyoungua, nikaanika sakiti juani, nikaziba ufa wa kifuniko kwa gundi na utepe. Swichi ya kuwasha pampu kwa mkono ilikuwa imeyeyuka kabisa, hiyo ikanishinda. Lakini alasiri remote iliita, kisanduku kikaitika, pampu ikanguruma. Nikaizima ili mchanga utulie chini kwanza. Nilikuwa nakaza skrubu ya mwisho niliposikia sauti ya mama mkwe getini.

Nikakusanya bisibisi zangu nikatorokea upande wa kamba za nguo.

Mimi ni wa Kathonzweni, na kwetu nilifunzwa nthoni kabla ya kufunzwa kusoma. Ni ile heshima ya Kikamba kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Humsogelei, humkodolei macho, hamshikani mikono. Mkikutana njiani unapisha. Wengi waliookoka wameiacha. Mimi nimeokoka, lakini miguu yangu bado.

Ijumaa asubuhi remote ikaandika: hakuna mawasiliano.

Nilibadilisha betri. Nikaizima, nikaiwasha, nikaiunganisha upya kama kitabu kinavyosema. Nikabadilisha chaneli. Nikapandisha antena ya ofisi juu ya kabati, kisha juu ya paa, nikashuka na matope hadi masikioni. Kila mara, jibu lilelile.

Fundi yeyote mwenye akili angeenda kukiangalia kisanduku. Lakini mama mkwe alikuwa ameweka kiti chake pale pale nyuma ya banda la pampu, kwenye kivuli, anayatazama yale maji kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemjua. Alikaa hapo kutwa. Chai aliletewa hapo, chakula hapo. Mimi nilifika kwenye kona, nikaona leso yake, nikageuka.

Nikamtuma Mwende. "Angalia kama taa ya kijani inawaka ndani ya banda."

"Inawaka," akapiga kelele.

Taa inawaka, maana yake umeme unafika. Kwa hivyo nikaamua kwamba sehemu inayopokea mawimbi imekufa kwa radi. Sikumuuliza Mwende swali lingine hata moja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi sikujifunza chochote siku nzima ya Ijumaa. Ningeweza kuunganisha pampu moja kwa moja kwa waya, lakini hapo ningeruka kifaa cha usalama, na siwezi kuingiza watu majini juu ya umeme wa kubahatisha.

Jioni nikampigia mchungaji. Nikamwambia mtambo wa pampu umeharibika na pengine tuahirishe. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini kuta za gesti hii ni nyembamba.

Nilipoingia jikoni nikamkuta Mwende amekaa juu ya debe, mikono magotini. Mama yake alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye kiondo. Hakulia, hakulalamika. Aliuliza tu gari la kwenda Nuu hutoka saa ngapi.

Mwende hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo asubuhi nikajaribu kitu cha mwisho. Nilichukua remote nikatembea nayo kuelekea bwawani, nikihesabu vile vistari vya mawimbi. Kila ukikaribia vinapaswa kuongezeka. Nilipita kamba za nguo: bure. Nikapita tanki: bure. Nikafika hatua kumi hivi kutoka kwenye kona, kichwa nimekigeuzia ukuta kwa adabu, nikasalimia ukuta, na mama mkwe akaitikia kutoka nyuma ya banda. Bado bure. Nikabaki hapo, mtu mzima, nanyanyua remote juu na kuishusha.

Ndipo Mwende akatoka jikoni na kelele zake. Alikuwa anatafuta sufuria ya muthokoi, ile pure yetu ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, maana kama kuna ubatizo au hakuna, wageni watakula.

"Mama, umeona sufuria yangu?"

"Iko hapa. Nilifunika hiyo kitu ya bwanako."

Nikaishusha remote. Halafu Mwende akauliza, "Kitu gani?"

"Hii kasanduku. Si nilipata imepasuka na mvua inataka kurudi? Nikaona ameteseka nayo sana. Nikasema isinyeshewe."

Tangu Alhamisi jioni! Sufuria nzima ya alumini, imepinduliwa juu ya kisanduku changu nyuma ya kiti chake, na jiwe juu yake ili upepo usiibebe. Hakuna wimbi la redio linalopenya kofia kama hiyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe hakungoja hata siku moja, alijipa kazi mwenyewe.

Mwende akaliondoa jiwe, akaiinua sufuria. Vistari vikajaa mkononi mwangu, vyote. Nikabonyeza, na pampu ikanguruma nyuma ya ule ukuta.

Nilicheka hadi nikaegemea tanki. Kisha nikaona aibu, na bado naiona. Siku mbili niliilaumu radi na mtambo, na karibu nimrudishe mama wa watu Nuu na jibu la uongo kutoka kwa Mungu. Yeye aliona kitu changu kimepasuka akakifunika kwa kitu cha kwanza alichopata. Kama angekuwa mama yangu mzazi, ningepita pale Ijumaa asubuhi nikaiona sufuria kabla chai haijapoa.

Nikamwomba Mwende asimwambie mama yake kwamba sufuria ndiyo iliyozuia mawimbi. Nikampa beseni la plastiki alifunike juu ya kisanduku badala ya sufuria, na jiwe lilelile juu yake, ili mama asione kwamba tumekataa msaada wake. Plastiki haizuii mawimbi. Mvua ikija, kumbe ni kinga nzuri kuliko utepe wangu.

Lakini Mwende hajui kumficha mama yake lolote. Nikiwa nasafisha kichujio nilisikia mama mkwe akicheka ng'ambo ile, kicheko kirefu ambacho sijawahi kukisikia miaka yote hii. Kisha akauliza, "Na mbona hakukuja tu kuangalia?"

"Ni wewe ulikuwa umekaa hapo, mama."

Pampu ikaendelea kunguruma, na mimi nikaendelea kusugua kichujio kilichokwisha kuwa safi.

Saa kumi na moja niliona vigae vya chini, vya bluu, kimoja kimoja hadi pembeni. Dawa imekaa sawa. Nimempigia mchungaji, naye amesema saa tatu asubuhi.

Sasa hivi Mwende ametoka hapa. Ngazi za bwawa zinateleza, na mchungaji alitaka kujua nani atamshika mama mkono akiingia. Akina mama wa kanisa walijitolea. Mama mkwe akakataa wote. Akasema atashikwa na yule aliyetengeneza maji.

Nikamwambia Mwende haiwezekani. Nikaitaja nthoni, nikamtaja baba yangu, nikataja hata watu wa Kathonzweni ambao hawajui kama kuna ubatizo. Akaenda, akarudi na jibu.

"Amesema: mwambie amenipisha njia miaka kumi na nne, na nimeshukuru. Kesho asinipishe."

Sijui kiganja cha mama mkwe kikoje, kama ni kigumu kwa jembe au kimekuwa laini kwa uzee. Najua ngazi ya tatu ndiyo inayoteleza zaidi, nitamwambia aikanyage polepole. Nitalazimika kumwangalia usoni ili nimwambie. Mwende atakuwa amesimama ukingoni na taulo.

Nimenawa mikono mara tatu na grisi haijatoka kwenye kucha. Acha nikanawe tena.