Maman Solange Hayumo Kwenye Orodha

Brussels, Jumanne, Novemba 2017. Mvua nyembamba tangu asubuhi, hainyeshi vizuri wala haikatiki.

Solange mwanangu, usinisome ukiwa umesimama na koti mwilini. Kaa chini. Ulikosea jana, tena ulikosea mbele ya mtu wa nje. Nani alikutuma upokee simu yangu na kumwambia Madame Hilde kwamba "si jambo kubwa, maman atarudia zoezi"? Nilikuwa nyuma yako namenya vitunguu. Masikio yangu hayajazeeka.

Wengine mnaosoma hapa kwenye ukurasa wangu, niwaeleze. Sipendi mtu akae katikati ya maneno ya watu bila kujua yanahusu nini.

Mimi nilisoma miaka mitatu tu kwa masista kule Kalemie, Kongo. Kiswahili hiki ninachoandika ni chao, na ninakiandika kwa kidole kimoja. Kifaransa nilikuwa nakisikia, kukisoma hapana. Nilipofika miaka sitini na nne nikaenda kujifunza kwenye kituo kimoja hapa mjini, mtaa wa Anderlecht. Unakaa darasani saa mbili, halafu nyumbani unaendelea kwenye kompyuta: unajibu maswali, unasema ndani ya mashine, nayo inashika sauti yako ili mwalimu aisikilize. Kila ulichofanya kinakaa humo.

Septemba kituo kikabadilisha programu. Tuliambiwa tusihangaike, programu ya zamani itazikabidhi kazi zetu kwa mpya, zenyewe kwa zenyewe. Za wenzangu zimehama. Mama wa Kimoroko anayekaa kando yangu amekuta hata makosa yake ya mwaka juzi. Mimi nikiingia, naambiwa hakuna kitu. Miaka miwili, hakuna kitu.

Alama sizililii. Alama chukueni.

Ninalolililia ni zoezi moja. Lilikuwa na picha ya zamani sana, nyeusi na nyeupe: gari refu la magurudumu membamba, hema limefungwa ubavuni mwake, bwana na bibi wa Kizungu kwenye viti vya kukunja, birika juu ya moto. Chini imeandikwa "le camping". Kazi yenyewe: sema unachokiona, kwa Kifaransa, dakika mbili. Nikabonyeza, nikaanza kusema. Mume wangu, Papa Solange, alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Akauliza camping ni nini. Nikamjibu haraka: kambi.

Hilo lilikuwa kosa langu. Kwetu Katanga kambi ni nyumba za wafanyakazi wa kampuni, ama za askari, tunaowaita basoda.

"Kambi gani hii?" akasema. "Ya reli ao ya basoda? Mbona batu ni babili tu?"

Nikamweleza kwamba ni Wazungu wa zamani, wamechukua gari lao kwenda kulala porini kwa kupenda. Akacheka mpaka akakohoa. "Muntu iko na nyumba ya matofali, iko na kitanda, anaacha yote, anaenda kulala mu majani, anasema iko mu konji!" Konji, yaani likizo.

Halafu akaacha kucheka. Akasema baba yake alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja wa reli. Kila kiangazi alipakiwa nyuma ya gari kama lile, pamoja na masufuria, mpaka kando ya mto. Hema lilikuwa la bwana na bibi. Yeye alilala chini ya gari. "Sasa mu hii picha," akasema, "ule mwenye alichota maji ya birika iko wapi?"

Zaidi ya miaka arobaini ya ndoa, na hakuwahi kunisimulia hilo. Akalisimulia pale, mashine ikiwa inashika kila neno.

Na mimi nilimjibu nini? "Nyamaza, Papa Solange, unaniharibia kazi."

Nikatuma hivyo hivyo, kwa sababu sikujua kufuta.

Alitutoka Februari. Video za harusi za watu tunazo, humo anacheza dansi na muziki umefunika kila neno. Sauti yake akiongea taratibu, kama alivyokuwa nyumbani, iko mahali pamoja tu duniani: kwenye programu ya zamani. Na programu ya zamani inafungwa Ijumaa hii.

Ndilo jambo lisilo kubwa hilo, Solange.

Leo nikaenda mwenyewe. Madame Hilde, anayeshughulika na kompyuta pale kituoni, ni Mbelgiji mrefu, Mflamand, anayekula tofaa na mbegu zake. Alinipa kiti.

"Madame Kalunga, hizi programu mbili hazifahamiani kama watu," akasema. "Ya zamani inasema, nina kazi za fulani. Mpya inatafuta jina hilo kwenye orodha yake, ile tuliyoijaza kutoka kwenye vitambulisho. Likikosekana, haipokei."

"Kwa hiyo mnatupa kazi za watu?"

"Hatutupi. Zinawekwa kando mpaka Ijumaa. Wako kumi na mmoja ambao hawajulikani ni akina nani."

"Bon. Nionyeshe hao wasiojulikana."

Akageuza skrini. Nikafuata kwa kidole, polepole, jinsi nilivyofundishwa. Mstari wa sita. Jina la ukoo: Solange. Jina la kwanza: Maman.

Karatasi ya kwanza ya kujiandikisha aliijaza mume wangu, maana siku ile nilikuwa bado siwezi kusoma mistari yake. Tangu uzaliwe hakuniita jina lingine, nami sikumwita lingine. Kwetu ndiyo heshima. Wakamwuliza jina la mwanafunzi, akaandika lile alilokuwa nalo mdomoni. Nina kitambulisho, nina karatasi za komini, ofisi ya mtaa, nina kadi ya hospitali. Hakuna palipoandikwa jina langu vizuri kama pale.

Nikacheka mbele ya yule mama, kisha kicheko kikageuka kilio. Akanisogezea leso. Mtu mwema yule.

"C'est moi, ndiye mimi," nikamwambia. "Fungua nisikie."

"Siwezi, madame. Hatumfungulii sauti ya mtu kila anayesema ni yake. Nahitaji kitu cha kuonyesha kwamba Maman Solange ni wewe. Karatasi yoyote."

"Ma fille, binti yangu, hiyo karatasi ina miaka arobaini na moja, ni muuguzi, na tangu jana haipokei simu yangu."

Akashika mdomo asicheke. "Alors, mlete," akasema.

Sasa nisikilize. Najua kwa nini ulisema vile. Tangu Februari unakizunguka kiti cha baba yako kama kina moto. Picha yake uliisogeza nyuma ya sanduku la mkate, ukadhani sikuona. Niliona. Nikakuachia.

Nilikuachia kwa sababu hata mimi naogopa. Neno la mwisho kwenye sauti ile ni langu, na ni la kumkaripia. Miezi tisa nimekuwa nikijiambia kwamba nilimjibu baadaye, kwamba nilizima mashine nikamwuliza habari za baba yake. Sikumwuliza. Nilikwenda kupika.

Nataka kuisikia hata hivyo.

Hutaki kunisikiliza kwenye simu, basi soma. Alhamisi, saa tatu asubuhi, mlangoni pa kituo. Badilishana zamu na mwenzako, usiniletee hadithi za ratiba. Chukua kitambulisho chako na karatasi yako ya kuzaliwa, ile yenye jina langu na la baba yako. Kula kabla ya kutoka. Ukifika usiseme "si jambo kubwa". Simama mbele ya Madame Hilde useme kwa sauti: huyu ni Maman Solange. Kisha vuta kiti ukae kando yangu.

Na sauti ikianza, mtu asiseme neno. Hata mimi. Safari hii tumwache amalize.