Mate ya Mwonja Chai

Jumatatu, 3 Machi

Vikombe ishirini na vinne mezani. Navuta, nazungusha, natema kwenye ndoo. Chai inaingia na kutoka kama mvua juu ya bati. Nimeandika "nzito, safi" kwa kutazama rangi tu. Mwongo mimi. Tukuyu nzima inalowa siku ya tano leo. Pakavu ni mdomoni mwangu tu.

Kiwandani hawajui kuhusu uvimbe wala mionzi ya shingo. Niliaga naenda Dar kumuuguza shemeji. Anayejua ni mke wangu Atupele peke yake. Mwonja chai asiye na mate, nani atamwachia meza?

Jumatano, 5 Machi

Pipi za tangawizi, mfuko mzima kwa siku mbili. Ndizo zinazonipa unyevu kidogo. Atupele ananicheka: "Baba Lusajo, umerudi chekechea?"

Jego la chini kushoto linacheza. Fizi inatoa damu. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeng'oa. Tabibu wa meno, mama mmoja mpole, aliniuliza kama nina ugonjwa wowote au nimewahi kutibiwa saratani. Nikasema sina, sijawahi. Mji mdogo huu, maneno yanafika kiwandani kabla yangu. Isitoshe mionzi ilikuwa ya shingo, jino liko mdomoni. Dakika kumi, kazi imekwisha. Nikamwambia "ndaga fijo" na pamba mdomoni. Nimemshukuru kweli kweli.

Jumapili, 6 Aprili

Tundu halijaziba. Mwezi mzima. Kanisani sikuimba. Nanuka. Atupele alisogea kidogo kwenye benchi, akajifanya anampisha mtu. Hakuja mtu. Nimetamani kufa.

Alhamisi, 12 Juni

Ulimi umegusa kitu kigumu ndani ya tundu. Nikadhani jino jipya linaota. Nikafurahi, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili! Nikachukua kioo.

Ni mfupa. Taya langu linachungulia nje.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi kwa tabibu. Atupele amekuja, na kadi ya hospitali ya Dar mkononi. Ameikuta kwenye koti langu la mvua. Imeandikwa wazi: asing'olewe jino kabla ya kutuuliza.

Tabibu akaisoma mara mbili. "Baba, mionzi imeua tezi za mate. Mate ndiyo yanayosafisha kinywa, yanapunguza makali ya asidi, yanalinda meno na fizi. Yakikauka, fizi zinaugua, na fizi ikiugua mfupa wa chini yake unaliwa. Na taya lako lilishapungukiwa damu kwa mionzi hiyo hiyo. Ukilijeruhi, halijitibu." Akauliza nilikuwa natuliza ukavu kwa kitu gani. Nikasema pipi. Akafumba macho. "Sukari, tena kwenye kinywa kisicho na mate! Ungeniambia tu, baba."

Njiani Atupele hakugomba. Alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 20 Juni

Mbeya, hospitali. Mfupa uliokufa lazima utolewe. Huenda kipande kidogo, huenda taya lote la kushoto. Madaktari hawatajua mpaka wafungue.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia meneja yote, hata zile "nzito, safi" za kubuni. Akanipa mkono. Kufika saa sita meza ilikuwa na mtu mwingine. Nilidhani nitalia. Sikuwa na kitu ndani.

Jumapili, 29 Juni

Kesho naenda kukatwa. Ukungu tangu asubuhi. Atupele amenipondea ndizi na parachichi, laini kama uji wa mtoto. Kisha akanimiminia chai, haina sukari, akauliza ikoje.

Nikaivuta kama kazini. Nikaizungusha upande wa kulia. Miaka kumi na tisa nimetema ndoo kwa ndoo, sikujua natema nini. Hii nikaimeza.

"Sisikii ladha yoyote, mama Lusajo."

Akasema anajua, tangu niliporudi Dar Januari anajua. Akavuta kiti karibu, upande wa kushoto, akanywa yake.